Jina Lililochongwa Ukingoni

Mwaka 2014 ilitimia karne moja tangu Vita Kuu ya Kwanza ifike Afrika Mashariki, na Taveta, mji wa Kenya ulio mpakani na Tanzania, ikaanza kupokea wageni wa aina mpya. Walikuja na ramani za zamani, wakapanda kilima cha Salaita kuona mahali ambapo tarehe 12 Februari 1916 Wajerumani na askari wao waliwarudisha nyuma Waafrika Kusini, kisha wakateremka mjini kuuliza ni nani ana vitu vya vita. Bei zikapanda. Maganda ya risasi ambayo watoto walikuwa wakiyapuliza yatoe mlio yakaanza kufichwa uvunguni.

Mimi nilikuwa mkusanyaji kabla yao. Naishi Moshi, ng'ambo tu ya mpaka, na kilichonivuta mwanzo ni sarafu: heller 20 za Tabora, fedha ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, zilizogongwa mwaka 1916 katika karakana ya reli, wakati manowari za Uingereza zimeziba pwani na fedha kutoka Ujerumani haziingii tena. Ni sarafu zisizo na urembo, nyingine zimegongwa upande, na nazipenda kwa sababu ukiishika moja unaona haraka na shida ya waliozitengeneza. Baada ya sarafu nikaingia kwenye vifungo, makopo ya nyama, na maganda manene ya zile bunduki za modeli ya 1871 ambazo askari wa Kijerumani walianzia nazo vita, baruti yake ikitoa moshi uliomwonyesha adui walipojificha.

Mipaka nilikuwa nayo. Risasi ambayo haijalipuka siigusi, hiyo ni kazi ya polisi. Kilichotoka ardhini pamoja na mfupa kinarudi ardhini, na wazee wa eneo wanaambiwa. Juu ya hayo mawili sikuwahi kubishana na mtu. Lakini yote mawili yalihusu vitu vya ardhini, na Jumamosi ninayoisimulia niliwekewa mkononi kitu kilichotoka kabatini.

Kijana wa bodaboda aliyezoea kunitafutia vitu alinipokea sokoni akaniambia kuna bibi, upande wa Latema, ana medali ya kweli. Tukaenda. Bibi alikuwa ameketi kivulini, miguu imevimba, mjukuu wake wa kiume amesimama nyuma ya kiti.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, baba. Karibu. Umekuja kwa ile ya baba yangu?”

Akafungua kitambaa. Ilikuwa nishani ya vita ya Uingereza, ile ya fedha: kichwa cha Mfalme George wa Tano upande mmoja, na upande wa pili mtu uchi juu ya farasi, miaka 1914 na 1918 pembeni yake. Utepe ulikuwa umechakaa, rangi ya chungwa ya katikati bado inaonekana. Nikatoa lenzi, nikageuza ukingo kwenye mwanga. Namba, cheo, jina, kisha 3 K.A.R. Kikosi cha tatu cha King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, kilipigana kwenye vilima hivi hivi vya Latema na Reata usiku wa tarehe 11 Machi 1916, na kamanda wake akafia hapo. Kilima chenyewe kilikuwa kinaonekana kutoka tulipokaa.

Nikasoma jina kwa sauti. Bibi akainua uso. “Rudia.”

Nikarudia. Hakuwa anajua kwamba pale pembeni pameandikwa kitu. Alikuwa amezoea kuona picha ya mfalme na farasi tu. Baba yake, akasema, aliivaa siku za kwenda kwa Bwana Disii, mkuu wa wilaya wa kikoloni, peke yake, na alizikwa nyuma ya nyumba bila jiwe.

Watu wasio kwenye biashara hii huenda hawajui kwa nini moyo wangu uliruka. Nishani za Waingereza za vita ile ya kwanza zilichongwa jina la aliyepewa. Zile walizorudi nazo wazee waliopigana Burma katika vita ya pili zilitolewa tupu. Kwa hiyo mnunuzi hulipia jina: analitafuta kwenye nyaraka, anajua mtu alikuwa wapi, na bei inapanda. Nami nililitamani jina lile, sifichi.

Lakini nilikuwa nimetembea makaburi ya kijeshi ya Taveta na nimesoma mawe yake. Nilijua majina ya nani yamo na ya nani hayamo. Baadaye, mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, walikufa katika vita ile bila kukumbukwa kwa majina, au bila kukumbukwa kabisa. Baba wa bibi alirudi hai. Hata hivyo, ule ukingo wa fedha ndio mahali pekee ninapopajua ambapo serikali aliyoipigania ilimwandika. Kuupeleka Moshi, na siku moja mnada wa Ulaya, sikuweza.

Nikamwambia, “Bibi, hii sinunui.”

Mjukuu ndiye aliyejibu. “Mzee, jina tunalo kichwani. Dawa ndizo hatuna.”

Alikuwa na haki kusema hivyo, na jibu la kumnyamazisha sikuwa nalo. Mpaka wangu ni wangu, hauwezi kuwa sheria ya mtu mwenye mgonjwa nyumbani. Nikawatajia wazi bei ambayo nishani ile ingepata kwa mnunuzi mwaminifu, ili akija mwingine na shilingi 2,000 wasidanganyike. Kijana wa bodaboda akanikazia macho, maana mnunuzi huyo mwingine tayari alikuwa anamjua. Kisha nikauliza kuhusu ganda la mzinga nililoliona mlangoni, lililowekewa miiko ya jikoni. Halikuwa na jina la mtu, ila alama za kiwanda kwenye kitako. Nikalinunua kwa shilingi 15,000 za Kenya, bei ambayo ningeitoa mahali popote. Mjukuu akahesabu noti mara mbili.

Bibi akataka karatasi. Nikaandika namba, cheo na jina kwa herufi kubwa, nikaweka karatasi nyingine juu ya ukingo na kusugua penseli kadiri herufi zilivyokubali kutoka. Mjukuu akapiga picha kwa simu, kila upande, bila kuambiwa na mtu.

“Mkitaka kuuza,” bibi akamwambia, “mniulize mimi kwanza, nikiwa bado nasikia.” Akaifunga nishani kitambaani, akaiweka kifuani. Kijana wa bodaboda alidai kamisheni yake kamili, ya ganda na ya nishani, nami nikamlipa zote mbili.