Upepo uliogoma kutoka kwenye breki ya kulia

Breki ya kushoto ya ndege yangu ndogo ilikuwa ngumu kama jiwe. Ya kulia inabonyea tu, mguu unazama. Ukiipampu mara nne tano inakaza. Ukisubiri dakika moja, imelegea tena. Fundi yeyote atakwambia hiyo breki imeingia upepo, na mimi nilihangaika jioni tatu kuutoa.

Ndege yenyewe nimeijenga kwa mikono yangu, ya viti viwili, na gurudumu lake la mbele linazunguka huru bila kuungwa na pedali. Ikitembea ardhini polepole, usukani wa mkia hauna nguvu ya kuigeuza, kwa hiyo kona zote nakata kwa breki: nikibana ya kulia, inaelekea kulia. Breki moja ikilegea, si kusimama tu kunakokuwa shida, hata kwenda unakotaka huwezi. Ndiyo maana sikuwa tayari kukubali pedali ya "karibu nzuri".

Upepo nautoa kwa kusukuma mafuta kutoka chini kwenda juu, maana viputo hupanda vyenyewe. Naunga mpira mwangavu kwenye nipo (kijibomba cha kutolea upepo) ya chini ya kalipa, yaani kile kifaa cha kwenye gurudumu kinachobana padi kwenye diski, nasukuma kwa pampu ya mkono, mafuta yanapanda hadi kwenye kikopo kilicho juu ya masta silinda, ile silinda inayosukuma mafuta ya breki pedali ikikanyagwa. Natumia yale mekundu ya ndege, aina ya 5606. Ya gari, DOT 3 au DOT 4, usiyasogeze kabisa kwenye mfumo wa namna hii, kwa sababu oringi zake, zile pete za kuzuia mafuta yasivuje, ni za mpira wa naitraili na mafuta hayo huzivimbisha na kuziharibu.

Kushoto yalipanda vizuri. Kulia, pampu ilianza kuwa nzito, nikaongeza nguvu, mpira ukachomoka kwenye nipo na mafuta yakaruka hadi kwenye tairi. Nikafungua nipo nikidhani imeziba: safi. Nikapuliza bomba lote: hewa inapita. Nikabadilisha hata oringi ya kalipa, ambayo haikuwa na kosa lolote. Valvu ya breki ya kuegeshea nayo ilikuwa wazi.

Jioni ya tatu nikalala chali chini ya dashibodi na tochi, nikachomoa pini inayoshikanisha pedali na fimbo ya masta silinda. Fimbo ikapanda yenyewe, tik! Kama milimita mbili hivi.

Hapo nikaelewa. Ndani ya masta silinda za aina yangu kuna valvu ndogo inayofunguka pale tu fimbo inaporudi juu kabisa. Ikifunguka, mafuta yanapita kati ya kalipa na kikopo. Fimbo ikibaki imebanwa hata kidogo, njia imefungwa. Pedali yangu ya kulia ilikuwa inagota kwenye kizuizi chake kabla fimbo haijamaliza kurudi, kwa kuwa uma wa juu ya fimbo, ule unaoishika pedali, niliuacha mrefu mno. Nikaukaza ndani mizunguko miwili, nikafunga nati yake, nikarudisha pini. Nikasukuma mafuta tena, na mara hii pampu ikawa laini. Kwenye mpira nikaona kiputo kirefu kama punje ya mchele kikipanda, kikafuatwa na vidogo vingi, halafu wekundu mtupu.

Kilichonitisha zaidi si zile jioni tatu. Njia ya kurudi ikiwa imefungwa, breki zikipata joto mafuta yanatanuka na hayana pa kwenda, padi zinaanza kushika diski zenyewe bila mguu kugusa pedali. Ningeweza kuja kukutana na hilo wakati wa kutua. Tangu siku hiyo, kabla ya kuunga mpira wowote, nachomoa kwanza pini za pedali zote mbili na kutazama kama fimbo itasogea.

Usiku niliacha karatasi nyeupe chini ya kila kalipa. Asubuhi zote zilikuwa kavu, na pedali ya kulia ilikuwa ngumu tangu mkanyago wa kwanza.