Ua Lenye Tumbo

Binti yangu ameinama kwenye mimumunye nyuma ya nyumba, kichwa kimezama ndani ya majani, mara anauliza: "Baba, mbona ua hili lina tumbo na lile halina?"

Nikamwambia aangalie asikwaruzwe, majani yale yana vinyweleo vikali. Si jibu, najua. Papo hapo nikamkumbuka marehemu Baba, mikono nyuma, akikohoa kikohozi kisicho na mafua.

Kwa Baba, mambo ya mwili hayakuwepo. Mama akiwa mjamzito, tuliambiwa "hajisikii vizuri" miezi yote tisa, kisha mtoto akatokea. Redio ikigusa lolote la mume na mke, aliizima, akasema betri zinaisha. Ziliisha sana betri za nyumba ile.

Msimu ule alipanda mamumunye, haya ya zukini yanayoliwa yakiwa machanga. Samadi iliyooza vizuri, mashimo ya kina kifupi, hatua nzima kati ya shina na shina. Mbegu zikachomoza upesi, majani yakatanda kama miavuli. Yakaja maua ya manjano, mengi, yakanyauka yote bila kuacha kitu. Mama akamwambia, "Baba Fulani, kumbe ulipanda mapambo." Hakujibu. Maua ya kwanza karibu yote huwa madume, na nadhani alilijua hilo, ila kulieleza kungemlazimu kutamka neno ambalo hakutaka kulitamka mezani.

Baadaye yakaja maua yenye vitoto chini yake. Vitoto vikafika urefu wa kidole, vikageuka manjano, vikaoza kuanzia ncha. Ilikuwa inanyesha kila asubuhi, na nyuki hawatoki kwenye mvua.

Ndipo akaniamsha kabla jua halijatoka. "Kanawe mikono."

Sauti yangu wakati huo ilikuwa imeanza kukwaruza. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Nilimfuata hadi bustanini, akasimama pale akitazama maua yaliyokuwa yamefunguka muda si mrefu. Macho yake yalikuwa hayaoni tena vitu vidogo, na vidole vyake vilikuwa vinene. La sivyo, naamini asingeniita.

"Hili," akasema, akishika ua lililosimama juu ya kikonyo kirefu chembamba. Akanyamaza. Akakohoa. "Hili ni baba."

"Na lile lenye tumbo?"

"Lile ni mama." Akatazama juu, akakagua mawingu. "Sasa, baba ana ujumbe wake. Usipomfikia mama, kile kitoto kinaoza."

"Kwa nini asiupeleke mwenyewe?"

"Ana miguu?"

Nikakubali kwamba hana.

"Mjumbe ni nyuki. Nyuki hawapo. Leo mjumbe ni wewe."

Akanielekeza nilichume ua dume na kikonyo chake, nibandue petali moja moja, mpaka kibaki kile kijiti cha katikati chenye unga wa manjano. Unga ukanishika vidoleni. Kisha niingize kile kijiti ndani ya ua jike, niguseguse pale katikati penye vinundu, polepole, pande zote.

Nilipoinama kufanya hivyo, Baba akageuka akanipa mgongo.

"Imefika?" akauliza kutoka huko alikoangalia.

"Nini?"

"Chavua."

"Naona unga umebaki ndani."

"Basi. Nenda kwa mama mwingine. Huyo huyo baba anatosha."

"Baba mmoja, mama wengi?"

"Kwenye mamumunye," akasema haraka. "Kwenye mamumunye tu."

Tuliendelea hivyo shina kwa shina, mimi nimeinama, yeye anatoa maelekezo kwa mgongo. Nisiharakishe, nikilazimisha nitavunja. Nisichelewe pia, maana ua jike hufunguka asubuhi moja tu, na kabla ya adhuhuri limeshafunga na halifunguki tena. Tulipomaliza akafuta mikono yake kwenye suruali, ingawa hakuwa ameshika kitu, akasema, "Na wewe sasa unakua." Kisha akachukua ndoo akaenda kuchota maji ambayo, kwa mvua ile, hakuna aliyeyahitaji.

Basi. Tulivuna mpaka majirani wakaanza kutukwepa. Mama alisisitiza tuchume kila yanapofika shibiri moja, kwa sababu mumunye likiachwa likomae, mmea huona kazi imekwisha na hupunguza kuzaa. Mwishoni ukungu mweupe ukafunika majani, tukang'oa. Mimi na Baba hatukurudi tena kwenye mazungumzo yale.

Nimejiuliza sana kama alikuwa ananieleza mamumunye, au alikuwa ananieleza mimi. Kuna siku naamini alipanga kila neno. Siku nyingine naona ni mzee aliyetaka mboga, na mengine nimeyaongeza mwenyewe. Mmea huu wa jamii ya maboga ulianza kulimwa huko Meksiko miaka 10,000 hivi iliyopita, na watoto wa huko nao lazima waliuliza. Laiti ningejua wazee wao walitazama wapi wakati wa kujibu.

Mdogo wangu analalamika kwamba yeye hakupata hata hayo. Alipofika umri wangu, Baba alikuwa ameshahamia kwenye nyanya, na ua la nyanya lina dume na jike ndani yake lenyewe. Upepo ukilitikisa, linajimaliza. Hakukuwa na la kueleza. Anadai ndiyo sababu mpaka leo hajaoa.