Jani la Mwaridi

Asubuhi ya leo binti yangu ameniletea jani la mwaridi lililokatwa ukingoni kwa duara safi, kana kwamba limepitiwa na mkasi, akaniuliza ni mdudu gani mwenye njaa ya namna hii. Nimemjibu kwamba nyuki mkata-majani hali jani, bali hulijengea. Kisha nikanyamaza, kwa sababu niliukumbuka ule mwanzi.

Nilikuwa na umri wa miaka 9. Kwa siku kadhaa nilikuwa nimemfuatilia nyuki mmoja kwenye maua ya manjano ya mbaazi. Akitua, uzito wake uliinamisha petali za chini zinazoficha chavua, nayo ikamganda tumboni, kwani nyuki wa jenasi ya Megachile, walimo hawa wakata-majani, hubeba chavua kwenye manyoya ya tumbo, si miguuni kama nyuki wa asali. Jioni moja nikamwona akiingia katika kipande cha mwanzi mkavu kilichoegemeza mmea. Nilikichomoa, nikakipasua kwa kisu.

Ndani mlikuwa na vifurushi 7 vya majani, vimefuatana katika mstari mmoja. Kila kimoja kilizungushiwa vipande virefu vyenye umbo la yai, kikafunikwa kwa viduara vilivyoenea mdomoni mwake barabara, bila nta yoyote. Nilikifungua kilichokuwa karibu na mlango. Mlikuwa na uji mzito wa chavua na nekta, na juu yake yai jeupe lililopinda kidogo, dogo kuliko punje ya mchele. Nilijaribu kurudisha vifuniko, lakini viliraruka vidoleni mwangu. Hapo ndipo mama yao aliporudi na kipande kibichi cha jani amekikumbatia chini ya mwili. Alizunguka pale mwanzi ulipokuwa, akaenda, akarudi, bado amekikumbatia. Hakuniuma.

Niliufunga mwanzi kwa uzi, nikauchomeka mahali pake. Mvua zikaja, ukaoza, nami sikuthubutu kuufungua tena. Ukubwani nilisoma kwamba mayai ya majike kwa kawaida hutagwa ndani kabisa na ya madume karibu na mlango, kwa kuwa madume hutoka kwanza. Huenda basi nilimwangamiza dume mmoja, na dada zake wakasalimika. Au huenda maji yaliwamaliza wote.

Binti yangu anataka tumfuate nyuki wa leo hadi nyumbani kwake. Nimekubali, ila nimemwambia tutakomea mlangoni.