Norfolk Street namba 6

Babu alikuwa kinyozi Mombasa, mtaa wa Makadara. Watoto wa mtaa mzima walipotimiza siku arobaini ndiye aliyeitwa, na ndiye aliyeondoa nywele za tumboni kwa wembe ambao hakuwahi kumwazima mtu. Ni wembe wa kukunja, mpini wake pembe nyeusi ya ng'ombe. Kwenye chuma, karibu na msumari unaoshika mpini, pamegongwa chapa ya maandishi madogo ambayo utotoni nilidhani ni dua. Nilipojua kusoma nikayasoma: Joseph Rodgers & Sons, Cutlers to Her Majesty, No. 6 Norfolk Street, Sheffield; yaani Joseph Rodgers na wanawe, mafundi visu wa Malkia. Pembeni yake nyota, na msalaba mdogo.

Babu ameshatangulia mbele ya haki, na mimi nilitaka kuiona hiyo Norfolk Street.

Wembe wenyewe sikusafiri nao. Dada yangu anayeishi Leicester alinionya kwamba Uingereza ukikutwa barabarani na kitu cha makali bila sababu ya maana, una kesi. Basi usiku wa kuamkia safari nililaza karatasi nyembamba juu ya chuma nikapitisha penseli kwa ubavu, polepole. Herufi zikajitokeza nyeupe katikati ya weusi. Nikaikunja karatasi nikaitia ndani ya pasipoti.

Kutoka Leicester ni kama saa moja kwa treni. Ukipita Chesterfield unaona mnara wa kanisa uliojipinda kama ushungi wa mtu mwenye haraka, kisha vilima vinaanza, na hapo ndipo nilipoelewa jambo la kwanza: Sheffield ni mji wa mito. Sheaf, Porter, Don, Loxley, Rivelin, yote inashuka kutoka milimani kwa kasi, na kabla ya injini za mvuke mito hiyo ndiyo iliyozungusha mawe ya kunolea. Nje ya stesheni wamejenga ukuta mrefu wa chuma cha pua, maji yanateremka juu yake bila kukoma. Nilisimama pale mpaka viatu vikalowa.

Norfolk Street ni mwendo wa dakika chache. Nilikuwa nimeiweka karatasi mkononi kama mtu anayetafuta nyumba ya jamaa. Kiwanda hakipo. Rodgers waliungana na mahasimu wao wa zamani, Wostenholm, mwaka 1971, na majengo yale yalishakwenda. Kinachovuta macho siku hizi kwenye mtaa ule ni ukumbi wa Crucible, wanakochezea fainali za dunia za snuka. Jina lake ni la chungu cha kuyeyushia chuma, na chungu hicho ndicho kilichoujenga mji. Miaka ya 1740 fundi saa mmoja, Benjamin Huntsman, alichoka na springi mbovu akaanza kuyeyusha chuma kigumu ndani ya vyungu vya udongo mpaka kikawa kimoja, kisicho na mabaka. Mafundi visu wa Sheffield walikikataa, wakidai ni kigumu mno. Akakiuza Ufaransa. Visu vya Kifaransa viliporudi Uingereza na kuwatia aibu sokoni, ndipo wakabadili mawazo. Wembe wa babu ni mtoto wa vyungu hivyo.

Nilikwenda makumbusho ya Kelham Island, kando ya mto Don. Mzee mmoja anayejitolea pale alivaa miwani, akaichukua karatasi yangu kwa ncha za vidole, akaipeleka dirishani.

"Her," akasema, akigusa neno. "Hapa pana malkia. Victoria alifariki 1901. Na halipo neno England."

Akanieleza kwamba sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai kila bidhaa ionyeshe nchi ilikotoka, na tangu 1891 mafundi wengi wakaanza kugonga England chini ya majina yao. Wembe usio na neno hilo huenda ulitangulia sheria, ingawa si hakika, maana sheria ilihusu mali iliyopelekwa Marekani tu. Na wakati huohuo Waingereza nao walikuwa wanapigania jina lao: visu vya Kijerumani vilikuwa vikiuzwa vimegongwa Sheffield, ndiyo maana Bunge likapitisha sheria ya alama za biashara mwaka 1887. Wajerumani wa Solingen baadaye walijijengea jina kubwa kwa wembe uliochimbwa mbavu hadi ukawa mwembamba kama karatasi, na tangu 1938 jina la Solingen nalo linalindwa kisheria.

Nikamuuliza: basi Joseph Rodgers mwenyewe ndiye aliyeufua wembe huu?

Akatikisa kichwa. Mfuaji alikuwa mtu mmoja, mnoaji mwingine, mtia mpini mwingine. Wengi walikuwa mafundi wadogo waliokodi kibanda na jiwe, wakapokea kazi kwa hesabu ya vipande. Jina lililogongwa ni la mwenye mali.

Neno hilo lilinikaa kifuani njia nzima hadi Shepherd Wheel, karakana ya kunolea kwenye kijito cha Porter, miti imeifunika. Ndani kuna giza na baridi ya maji. Mnoaji alipanda kiti cha mbao kama mpanda punda, akainama juu ya jiwe linalozunguka mbele yake. Chuma na jiwe vilitoa vumbi, na kazi ya wembe ilinolewa nusu kwa maji, nusu kikavu. Daktari Knight wa mji huu aliandika, karne ya kumi na tisa, kwamba wanoaji wa kikavu kwa wastani hawakufikisha hata miaka thelathini na mitano, na wa maji ni wachache waliovuka arobaini na mitano. Mapafu yalijaa vumbi. Niliweka kiganja juu ya jiwe moja. Ni la kukwaruza, la mchanga, limeliwa upande.

Ninaudhika, na sioni sababu ya kuficha, kwamba malkia ameandikwa kwenye chuma na mtu huyu hakuandikwa.

Jioni niliingia Millennium Gallery kuangalia visu vyenye mipini ya pembe za ndovu. Rodgers walikuwa na ghala la pembe ambalo wageni walipelekwa kulitazama kama ajabu ya mji. Karne ile pembe nyingi za Afrika Mashariki zilipitia Zanzibar, zikashushwa Bagamoyo kutoka Tabora na Ujiji mabegani mwa wapagazi, kisha zikaenda Bombay na London. Nilisimama mbele ya kioo nikiangalia mpini mmoja uliogeuka rangi ya maziwa ya jana. Sikuweza kuondoka haraka.

Usiku nilimpigia mama.

"Mama, hebu ufungue wembe wa babu, uusogeze kwenye taa."

Nikasikia droo. "Haya, nimeushika."

"Ubapa wake upo sawa?"

"Umeliwa katikati, mwanangu. Si alikuwa anaunoa kila alfajiri? Na kabla yake aliunoa yule kinyozi wa Kihindi aliyemfunza kazi." Akanyamaza kidogo. "Bado unanuka mafuta ya nazi. Kwani wewe uko wapi hivi?"

"Ulikotengenezwa."

"Umewaona waliouunda?"

Nikamweleza habari ya kile kiti cha mbao.