Nilivyoipata bluu ya Streptomyces coelicolor kwa kupunguza chakula

Karibu kila niliyemuuliza kwa nini bakteria huyu hatoi aktinorodini, antibayotiki yake ya bluu, alinijibu: mwongezee chakula. Ushauri huo unaharibu kazi. Glukosi na fosfeti zikizidi, koloni (makundi ya bakteria yanayoonekana kwa macho) hustawi na kujaa sahani ya kukuzia, lakini bluu haionekani. Fosfeti hupimwa na protini za PhoR na PhoP, na ikiwa tele, jeni za antibayotiki hubaki kimya.

Mimi nilitumia agari (jeli ya kukuzia bakteria) ya kimaskini, yenye chakula kidogo. Kwa lita ya maji: asparajini gramu 0.5, K2HPO4 (chumvi ya fosfeti) gramu 0.5, magnesiamu salfeti gramu 0.2, feri salfeti gramu 0.01, agari gramu 10. Manitoli huongezwa mwishoni, gramu 5 hivi, pamoja na N-asetiliglukosamini kiasi kama hicho. Joto nyuzi 30 za Selsiasi.

Hiyo N-asetiliglukosamini ndiyo siri. Ni kipande cha ukuta wa bakteria. Bakteria huyu hukua kama nyuzi; nyuzi kuukuu zinapomeng'enywa ili kulisha nyuzi mpya zinazoinuka hewani, vipande hivyo humwagika. Vikiingia ndani ya seli hugeuzwa glukosamini-6-fosfeti, ambayo huishika DasR, protini inayoizuia jeni ya actII-ORF4, na kuibandua kwenye DNA. Jeni hiyo ikiachiliwa, huwasha kundi zima la jeni za aktinorodini. Lakini ukiiweka N-asetiliglukosamini kwenye agari nono kama R2YE, matokeo ni kinyume kabisa: uzalishaji huzimika. Wanaosema haifai, wengi wao waliijaribu humo.

Usitupe sahani nyekundu! Aktinorodini kwenye asidi ni nyekundu, na undesilprodijiosini, antibayotiki nyingine ya bakteria huyuhuyu, nayo ni nyekundu. Kuzitenganisha ni raha. Geuza sahani kifuniko kikiwa chini, tia tone la amonia ndani ya kifuniko, funika, subiri dakika chache. Aktinorodini inageuka bluu mbele ya macho yako. Ile nyingine huelekea manjano. Fanya hivyo penye kivuta hewa, na kwenye sahani usiyokusudia kupandikiza tena.

Kwa kupima kiasi cha aktinorodini, loweka sampuli kwenye KOH (alkali) ya molari 1 kisha soma kwa kipima-mwanga ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 640. Kata agari pamoja na koloni, usikwangue juu tu. Aktinorodini inapoanza kuundwa, viambata vyake vya awali huing'oa ActR, protini inayozizuia jeni za pampu inayoitoa nje, na jeni hizo huwaka. Ukiacha agari, umeacha sehemu kubwa ya ulichokuwa unapima.