Jinsi nilivyozuia utando wa kitosani kubanduka kwenye elektrodi

Nilikuwa napima homoni ya estradioli kwa elektrodi ya kaboni iliyopakwa kitosani, ile inayotokana na maganda ya kamba na kaa. Utando ulikauka vizuri, unang'aa. Ukiingia tu kwenye bafa (kimiminika kinachoshikilia kiwango cha asidi) ya pH 7, unavimba kama ugali uliolowekwa, kingo zinanyanyuka, na kilele cha mkondo wa umeme, ambacho ndicho kinachonionyesha homoni, kinayumba.

Kila mtu maabara alilaumu unyevunyevu wa Dar. Nikaweka elektrodi kwenye chombo chenye silika jeli, zile chembe za kufyonza unyevu, wapi! Hali ni ileile.

Mchawi ni asidi. Kitosani haiyeyuki kwenye maji matupu, kwa hiyo tunaiyeyusha kwenye asidi asetiki ya asilimia 1. Asidi inavipa vikundi vya amini (sehemu za kitosani zenye nitrojeni) chaji chanya, na chaji hiyo hubaki hata utando ukikauka. Ukikutana na maji tena, unayanywa.

Basi, utando ukishakauka, nauzamisha dakika chache kwenye sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M, alkali inayoua hiyo asidi, kisha nasuuza kwa maji safi ya maabara (ya betri ya dukani sikuyaamini) hadi karatasi ya pH isionyeshe tena alkali. Chaji inaondoka, utando unashika. Glutaraldehaidi, kemikali ya kukaza utando, niliikwepa: inafunga amini zilezile ninazozihitaji.

Kilele kikishuka kwenye kipimo cha pili cha elektrodi ileile, usiulaumu utando. Estradioli ikioksidishwa huacha mabaki yanayoziba kaboni. Sampuli mpya, elektrodi mpya.