Mjusi kalazwa kwa sindano

Jamani, leo hapa kwenye kliniki ya wanyama Mwanakwerekwe, Unguja, tumemlaza mjusi usingizi! Si mjusi kafiri wa ukutani tuliyefunzwa kumpiga kandambili. Huyu ni wa kufugwa, wa madoa, asili yake pande za Pakistan na Afghanistan. Kaletwa ndani ya kopo, kidole kimekufa kwa ngozi iliyokwama alipojivua gamba, ikabidi kikatwe.

Kwanza mizani ya gramu, maana kwa mwili ule tone likizidi ni balaa. Halafu tukampasha joto. Mwili wake hufuata joto la nje, akiwa baridi dawa huchelewa kushika na huchelewa zaidi kumtoka. Ketamini, dawa ya usingizi, akachomwa msuli wa mguu wa mbele, na ganzi kidoleni. Nikauliza, mbona si nyuma penye nyama? Daktari akaniambia damu ya nyuma yaweza kupitia kwenye figo kabla ya kuenea mwilini, dawa ikapungua njiani. Yakhe!

Pumzi zikawa za kuhesabu, tukawa tunausikiliza moyo tu. Kuzinduka ndiko kulikotuchosha, hadi alasiri imeadhiniwa bado kalegea. Mama nilipomhadithia akauliza, "Na hela wamelipa kweli?"